Kaicho Yupi?

Jumatatu asubuhi Mitsuyo Habara alifika kazini, akavaa buti nyeupe na kofia ya wavu, akanawa mikono mpaka viwikoni kama sheria ya kiwanda inavyotaka, kisha akaenda kwenye dirisha la tatu la ukumbi wa kuchomea. Hapo alikuwa amesimama miaka ishirini na mitatu akigeuza kamaboko juu ya moto, yaani samaki aliyesagwa, akafinyangwa umbo la jani, akachomwa mpaka akapata madoa ya hudhurungi. Kila dirisha lilikuwa na kibao cha jina la mwenye kusimama hapo. Kibao chake hakikuwepo.

Alidhani kimeanguka. Akapiga magoti, akapapasa chini ya meza, akaambulia gamba la samaki na kalamu ya mtu. Alipoinuka, Bwana Kakizaki, mkuu wa ukumbi, alikuwa amesimama mbele yake akitazama ukuta.

"Bi Habara, leo si hapa. Panda ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho."

"Kuna nini huko?"

"Weka mkono kifuani, ujiulize mwenyewe."

Akaondoka mbio kama aliyeacha chungu motoni. Mitsuyo, ambaye ni mtu wa kufuata maagizo, aliweka mkono kifuani palepale. Moyo ulikuwa unadunda, lakini haukumwambia kitu.

Chumba cha mwisho cha ghorofa ya tatu kilijulikana mji mzima. Mlangoni paliandikwa Chumba cha Kuendeleza Watumishi, ila wafanyakazi walikiita Jokofu. Ukiingia Jokofu hufukuzwi kazi. Unakalishwa tu. Kazi hupewi, simu huruhusiwi, unatazamana na ukuta asubuhi mpaka jioni, hadi siku utakayochoka na kuandika kwa mkono wako kwamba unaomba kuacha kazi kwa sababu zako binafsi. Hivyo Kampuni haijawahi kumfukuza mtu, na ilijisifu kwa hilo kwenye kalenda zake za mwaka mpya. Mtu wa mwisho kuingia humo, dereva mmoja wa lori, alidumu siku kumi na moja.

Mitsuyo alikuwa na miaka hamsini na saba. Mumewe alikwishafariki, nyumbani alikuwa na mama mkwe wa miaka themanini na sita, na katika mji ule wa bandari hakukuwa na kiwanda kingine. Lakini tuseme ukweli wote: kilichomuuma zaidi ni lile dirisha. Kuna watu wana jina kwa sababu ya ukoo au shamba. Yeye jina lake lilikuwa lile dirisha.

Ndani alimkuta Bwana Sugimori wa ofisi ya watumishi, mtu wa sauti laini anayeomba radhi hata akikanyaga viatu vyako ukiwa umevivua. Alimwekea karatasi na kalamu.

"Tunaomba barua ya majuto, Bi Habara. Eleza kosa lako kwa maneno yako mwenyewe."

"Kosa gani?"

"Samahani sana. Likitoka kinywani kwangu halitakuwa la moyoni mwako."

Basi akaandika. Barua ya kwanza alikiri kwamba mwezi wa nne nywele zake mbili zilitoka nje ya kofia. Sugimori aliisoma kwa makini, akainamisha kichwa. "Hili hatukulijua. Asante. Lakini silo." Barua ya pili alikiri kupeleka nyumbani kamaboko zilizovunjika. "Hili nalo hatukulijua." Ya tatu alikiri kwamba mashine ya kusagia samaki huiita Babu Kikohozi. Sugimori alikohoa mwenyewe, akamrudishia. Kufika jioni Mitsuyo alikuwa amejichongea kwa makosa sita ambayo hakuna aliyemshitaki, na la kwake halisi bado halijulikani.

Jumanne aliandika la saba: kwamba kwenye hotuba ya mwaka mpya, meno ya bandia ya Mwenyekiti yalipopiga mluzi, alicheka ndani ya kola.

Macho ya Sugimori yakatanuka. "Unakaribia," akasema.

Unakaribia! Kama watoto wanaotafutana kwenye mchezo wa kujificha. Mitsuyo alirudi kutazama ukuta, kichwa kikimzunguka. Na huko nje mambo yalizidi kumvuruga. Ndani ya kabati lake la nguo alikuta kopo la kahawa ya moto na machungwa matatu, bila jina la aliyeviweka. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha, asiyemjua hata kwa sura, alimkuta kwenye korido akainama mbele yake mpaka kiunoni kama aliyeona bibi harusi. Lakini wengine, watu aliokula nao miaka kumi, walimwona wakageuza njia. Ama amefanya jambo kubwa sana, au jambo baya sana, na yeye peke yake ndiye asiyealikwa kulijua.

Jumatano Tokie alimfuata chooni. Tokie ni wa dirisha la nne, mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano na ulimi wake hauna breki. Alifungulia bomba la maji ili wasisikike.

"Dada, wewe ni mwanamke wa shoka! Nilikuwa nakuona mpole kumbe moto chini ya jivu."

"Tokie, tafadhali. Nimefanya nini?"

"Acha hizo. Umemchana Mwenyekiti redioni, mji mzima umesikia. Mume wangu alitema chai."

"Nimemchana nani? Mimi?"

"Lile shairi, dada! Jumapili! 'Limetoka kwa msikilizaji wetu, Dirisha la Tatu.' Na wewe nawe, ndilo jina gani la kujificha hilo? Ni sawa na mwizi kuacha kitambulisho mezani."

Hapo Mitsuyo alikumbuka. Redio ya mji ina kipindi cha Jumapili asubuhi, wasikilizaji hutuma kwa kadi ya posta vishairi vifupi vya utani, silabi tano, saba, tano. Mwezi uliopita naye alituma kimoja. Jumapili ile hakusikiliza kwa sababu alikuwa anamwogesha mama mkwe. Kishairi chenyewe kilikuwa hivi:

Ndege wa pwani
kapora tonge langu,
kapaa zake.

"Ndege," alisema Mitsuyo. "Niliandika ndege. Alininyang'anya tonge la wali pale kwenye ukuta wa bandari, likiwa na samaki chumvi ndani, sijang'ata hata mara moja."

"Ndege wapi! Mtangazaji kasoma wazi kabisa: *Kaicho* kapora tonge langu, kapaa zake."

Mitsuyo alishika sinki. Sasa ndiyo alielewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kupigwa kofi na mtu ambaye hayupo.

Ni hivi. Katika maandishi ya huko herufi moja hubeba neno zima, na ndege wa pwani, yaani wa bahari, huandikwa kwa herufi mbili, moja ya bahari na moja ya ndege. Watu wa kawaida wakiziona husoma *umidori*. Lakini msomi anayetaka ajulikane ni msomi anaweza kuzisoma *kaicho*, na mtangazaji wa kipindi kile, mzee mwenye tai ya kipepeo, hajawahi kukosa nafasi ya kujulikana. Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa kampuni naye huitwa *kaicho*, kwa herufi nyingine kabisa. Kwenye karatasi hawafanani hata kidogo. Masikioni ni pacha, kama kaa la moto na kaa wa pwani.

Na masikio ya mji yalikuwa tayari yamewashwa. Majira ya kuchipua Kampuni ilifunga kantini ya wafanyakazi, ikabandika tangazo kwamba ni kwa ajili ya maboresho. Wiki ileile Mwenyekiti akapaa kwenda Hawaii na fimbo zake za gofu. Kapora tonge, kapaa zake. Nani angefikiria ndege?

Mitsuyo alipanda ngazi mbilimbili. Alimkuta Sugimori akinoa penseli.

"Bwana Sugimori, nimejua! Ni makosa ya kusoma! Nilimaanisha ndege, sikumaanisha Mwenyekiti!"

Penseli ilivunjika. "Mwenyekiti?" alisema kwa upole. "Nani amemtaja Mwenyekiti?"

"Si ndiyo sababu niko hapa?"

"Kampuni haijasema hivyo. Kampuni haiwezi kudhani kwamba ukitajwa uporaji wa chakula cha watu, anayetajwa ni Mwenyekiti. Ingekuwa ni kumvunjia heshima." Aliinama. "Samahani, Bi Habara, wewe ndiye mtu wa kwanza kulisema hilo ndani ya jengo hili."

Mitsuyo asipolisema, amekosa kwa kutokiri. Akilisema, ndiyo kwanza amelitenda. Aliketi tena mbele ya ukuta, na kwa mara ya kwanza alilia, kimyakimya, akijifuta kwa ukingo wa kofia ya wavu aliyokuwa bado anaivaa ingawa hapakuwa na samaki.

Alhamisi aliomba ruhusa ya nusu siku. Ilitolewa upesi mno, maana Jokofu hufurahi mtu anapoanza kuzoea kutokuwepo. Alikwenda ofisi ya mji, kwenye meza ya ushauri wa mambo ya kazi, akamkuta afisa mmoja mnene mwenye feni ya mkononi. Alimweleza yote, pamoja na tonge.

"Uhuru wa kusema umo kwenye katiba," alisema afisa. "Kifungu cha ishirini na moja."

Moyo wa Mitsuyo ukapanda. "Basi nimepona!"

"Aa, subiri, mama. Katiba inakulinda na serikali. Serikali ikikuziba mdomo, hapo tunazungumza. Kampuni si serikali."

"Lakini serikali mimi nakutana nayo mara moja kwa mwaka, inipige picha ya kifua. Kampuni nakutana nayo kila siku."

"Ndiyo hali ilivyo."

"Sasa mbona mnanilinda na yule asiyenigusa?"

Afisa alijipepea. "Swali zuri hilo. Sikiliza: wakikufukuza, njoo mbio. Kumfukuza mtu bila sababu ya maana, sheria inakataa."

"Hawanifukuzi."

"Ndiyo maana hawakufukuzi." Alishusha feni, na sura yake ikawa ya mtu aliyesema maneno haya mara nyingi mno. "Andika kila siku wanachokufanyia. Na barua ya kuacha kazi, hata wakuletee na keki, usiandike."

Mitsuyo alitoka na kijitabu chenye picha ya sungura anayetabasamu. Alikuwa amekwenda na fumbo moja, akarudi na mawili.

Jioni alimpikia mama mkwe uji wa wali na plamu ya chumvi. Bibi Fusa haisikii sana dunia, lakini akisikia neno moja hulitafuna mpaka mwisho.

"Umekonda," alisema. "Nani kakuudhi?"

"Ndege, mama."

"Ndege?"

"Aliyenipora tonge mwezi uliopita! Nilikusimulia!"

"Aa, yule. Mimi tangu siku ile nilitaka kukuuliza. Ulikuwa unakula nje kwa nini? Miaka yote unakula ndani."

"Kantini wameifunga!"

"Ameifunga nani?"

Mitsuyo alitaja cheo, kwa sauti ya juu ili asikike, na majirani nao pengine walisikia. Bibi Fusa alitema kokwa la plamu kwenye kisahani.

"Basi ndege mnamwonea," akasema, akaomba aongezewe uji.

Maneno hayo hayakumtoka Mitsuyo kichwani. Alikuwa akiapa mbele ya watu wote kwamba kishairi chake ni cha ndege, na ndivyo kilivyokuwa, alimwona kwa macho yake, mbawa nyeusi na mdomo wa manjano. Lakini asingekaa kwenye ukuta ule wa bandari kama kantini ingekuwa wazi. Je, alipokuwa anaandika, mkono wake ulikuwa unajua jambo ambalo kichwa hakikujua? Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka njaa tu.

Ijumaa Sugimori aliingia akitabasamu, karatasi mbele kama anayeleta zawadi.

"Habari njema, Bi Habara. Kampuni imekuandalia maelezo, yatasomwa Jumapili kwenye kipindi kilekile. Ukiweka sahihi, Jumatatu kibao chako kinarudi dirishani. Jambo limekwisha, hatutaliongelea tena."

Mitsuyo alisoma. Maandishi yalichapwa vizuri, na chini kulikuwa na mhuri mwekundu wa Kampuni.

"Aliyechukua tonge langu ni ndege wa bahari, wala si mwingine yeyote. Huu ndio ukweli, nausema kwa hiari yangu. Kampuni imeyasoma maelezo haya na inakubaliana nayo kikamilifu."

Ukweli mtupu. Hakuna neno hata moja ambalo angeweza kusema ni la uongo, na bado alijisikia kama aliyeambiwa akane mtoto. Alifikiria machungwa matatu kabatini. Alimfikiria yule mama wa kufungasha aliyeinama mpaka kiunoni. Jumapili wote wangesikia kwamba walimwinamia mtu aliyekuwa anazungumzia ndege.

Tokie alikuwa amemwambia asubuhi, kwa uchungu lakini kwa wema: "Sema ni ndege, dada, urudi. Sisi tutaelewa." Ndilo lililomuuma, kwamba wangeelewa.

Aliweka sahihi. Ndiyo, aliweka, tusimpambe. Dirisha lile alilipenda.

"Vizuri sana," alisema Sugimori. "Lo, jambo moja tu. Juu ya zile herufi mbili, weka irabu, zile herufi ndogo za kusomea, ili yule mzee asikosee tena. U-mi-do-ri. Halafu utie kwenye bahasha."

Simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa mkubwa fulani, kwa maana Sugimori aligeukia dirisha akaanza kuiinamia simu, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, kisogo kikipanda na kushuka.

Mitsuyo alishika kalamu. Juu ya herufi ya bahari na herufi ya ndege palikuwa na nafasi nyeupe, nyembamba kama uzi. Siku tano alikuwa ameulizwa alimaanisha nini, na waliomuuliza wote walikuwa na jibu isipokuwa yeye. Sasa hapa palikuwa pamebaki padogo hivi, pake peke yake. Hakuwa shujaa, na hata dakika ile asingeweza kukuapia ni yupi kati ya wawili wale aliyemwandika mwezi uliopita. Lakini alijua ni nani aliyemtoa kantini akale nje.

Aliandika, kwa mwandiko safi wa shuleni, ka-i-cho. Nako ni kusoma sahihi, kamusi itakubali. Akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaifunga.

Sugimori aliweka simu chini, akaiona bahasha imefungwa, akamshukuru mara tatu. Aliitia posta yeye mwenyewe.

Jumapili asubuhi Mitsuyo aliongeza sauti ya redio mpaka mwisho kwa ajili ya mama mkwe. Mzee wa tai ya kipepeo alianza kwa majivuno. "Tuna ufafanuzi kutoka kwa Dirisha la Tatu, na safari hii ametuwekea na irabu, hatuwezi kukosea." Akasafisha koo.

"*Aliyechukua tonge langu ni kaicho, wala si mwingine yeyote. Huu ndio ukweli, nausema kwa hiari yangu. Kampuni imeyasoma maelezo haya na inakubaliana nayo kikamilifu.*"

Kilisikika kikohozi kimoja, kisha wakaweka muziki, ukaanzia katikati ya wimbo. Nyumba ya jirani mtu alipiga kelele za kicheko, na ng'ambo ya barabara mwingine akamjibu.

"Kasema nani?" aliuliza Bibi Fusa. "Kaicho? Kaicho yupi?"

Mitsuyo aliweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unadunda kama siku ya kwanza.

"Sijui, mama," alisema. "Lakini tonge lilikuwa langu."

Simu ya nyumbani ikaanza kulia. Aliiacha ilie, akaenda jikoni kuosha mchele wa kesho. Kama angekuta kibao dirishani, au Jokofu, au lango limefungwa, hakujua. Alijua kwamba kantini bado imefungwa na atakula nje, kwa hiyo akapima mchele wa matonge mawili, moja lake, na moja la ndege.